Jibu: Kwa nini Masingasinga wanavaa upanga wakati Guru Nanak alihubiri amani?

Mkuu umeuliza kama waliyasaliti mafundisho ya Nanak, mwanzilishi wa dini yao, mimi nasema hapana, fuatilia historia yenyewe utaona walisukumwa mpaka ukutani. Guru (yani kiongozi wao wa dini) wa tano, Arjan, aliuawa Lahore 1606 kwa amri ya mfalme Jahangir wa dola ya Mughal iliyotawala India, na hakuwa na jeshi wala nini. Mwanae Hargobind akarithi nafasi ana miaka 11 tu! Hebu fikiria, mtoto wa miaka 11, baba ameuawa juzijuzi, anatawazwa na panga mbili kiunoni, moja inaitwa miri yani mamlaka ya dunia, nyingine piri ya mambo ya kiroho, halafu mwaka huohuo linaanza kujengwa jukwaa la Akal Takht palepale Amritsar likitazamana na hekalu lao kuu, na akawa anakaa hapo anasikiliza kesi za watu na kuwaambia waumini wamletee farasi na silaha. Kwangu mimi hapo ndo kila kitu kilibadilika, sio 1699 Khalsa, yani jumuiya ya Masingasinga wanaobeba silaha, ilipoanzishwa kama wengi wanavyosema.

Kabla ya hiyo Khalsa, 1675, Guru wa tisa, Tegh Bahadur, alishakatwa kichwa Delhi enzi za Aurangzeb, mfalme mwingine wa Mughal. Alafu 1710 Banda Singh, kamanda wa Masingasinga, akaiteka Sirhind, mji ambao watoto wawili wadogo wa Guru wa kumi, Gobind Singh, waliuliwa, hata miaka 10 hawajafika, hiyo huwa inaniuma sana kila nikiisoma.