Imani ikichoka njiani

Dada yangu, umesema tangu ubatizwe ule moto umepoa, na unaogopa umeipoteza njia. Hujaipoteza. Soma 1 Wafalme 19 polepole. Nabii Eliya amekata tamaa, yuko jangwani chini ya mretemu (mti mdogo wa jangwani), anaomba afe. Malaika hamkemei hata kidogo: anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili, kwa kuwa safari bado ni ndefu. Mbele yake kulikuwa na siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu! Basi wiki hii usijilazimishe mikesha. Lala vya kutosha, omba Zaburi moja asubuhi, Jumapili nenda ibadani hata moyo ukiwa mzito, na umweleze mchungaji wako haya uliyoniambia.