Wadogo zangu wa mwaka wa tatu wa udaktari, shikeni tumbo

Juzi kwenye raundi hapa Dodoma nimemsikia mwanafunzi akipresenti: "Tumbo, hakuna tatizo." Shuka la mgonjwa lilikuwa bado limechomekwa chini ya godoro pande zote mbili, vile vile nesi wa asubuhi alivyoliacha. Nawapenda sana, ndiyo maana naandika hasira ikiwa bado ya moto.

1. Bumu (mkopo wa chuo) likiingia, tenga kwanza hela ya kula na nauli ya kwenda wodini. Stethoskopu ya bei kubwa itasubiri.

2. Anatomi uliyoisoma kwenye kedava (maiti ya kujifunzia) irudie kila siku. Sap, yaani mtihani wa marudio, inakula likizo nzima wenzako wakiwa nyumbani.

3. Mguse mgonjwa. Nikiwa mwaka wa tatu nilipewa kijana wa Kongwa aliyetapika damu usiku. Kesho yake nilikuwa na testi ya famakolojia, nikamkleki (kumhoji na kuandika maelezo yake) haraka haraka. Kazi: mkulima. Nikahitimisha vidonda vya tumbo. Sehemu ya uchunguzi nikanakili ya mwenzangu wa kitanda cha pili: tumbo laini, ini na bandama havipapasiki. Sikumgusa kabisa.

Asubuhi bingwa alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Bandama uliipima?" Nikasema ndiyo. Akamgeukia kijana: "Alikushika tumbo?" Kijana akanitazama, akasita. "Alinishika kidogo, dokta."

Alinisitiri, mtu niliyemnyima dakika tano. Bingwa hakusema neno. Aliuchukua mkono wangu, akaulaza chini kulia kwa kitovu, akaupandisha taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Sikufika mbali. Bandama ilikuwa imeteremka hadi kitovuni, ngumu, na kila kijana alipovuta pumzi ukingo wake uligonga vidole vyangu. Nililia chooni siku ile, na testi nikaifanya hivyo hivyo.

Mchana nikarudi, nikavuta kiti. Kilimo alikuwa amekianza alipoacha uvuvi. Kabla ya hapo alivua dagaa Ukerewe miaka saba, anaingia ziwani kila siku. Kichocho cha huko ziwani kilikuwa kimelitia ini makovu, damu ikakosa njia, bandama ikavimba, na mishipa ya umio nayo ikavimba hadi ikapasuka. Kwa dawa za vidonda peke yake tungemrudisha kwao aende kutapika damu tena.

4. Kwa hiyo muulize kila mgonjwa amewahi kuishi wapi, si anatoka wapi tu.

5. Jifunzeni kusalimia kwa Kigogo. Bibi aliyenyamaza tangu asubuhi, ukimwambia "mbukwa", anakueleza mpaka homa ya mwaka juzi.

Yule mwanafunzi nilimwita baada ya raundi. Tulirudi wote kitandani, tukamwomba mama ruhusa, nikachomoa shuka. Nikamwambia asugue viganja kwanza. Asubuhi za Julai hapa mikono huwa ya baridi, na mama wa watu alikuwa ameshaanza kukaza tumbo.