Mashine ya Zamani Ikigoma Kwenye Wi-Fi Mpya ya Hospitali

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, muulize muuguzi wa zamu kama mashine inamhudumia mgonjwa. Pampu ya dripu au monita haichokonolewi ikiwa bado imeungwa kwa mtu. Wodi ipewe nyingine kwanza, hii ipelekwe karakana.

Baada ya hapo, usiandike kwenye daftari la matengenezo kwamba "Wi-Fi imegoma". Maneno hayo yanaficha hatua tano: mashine kuliona jina la mtandao, kujiunga, kuthibitishwa, kupewa anwani ya IP (namba yake ya utambulisho mtandaoni), na kuifikia seva. Kila hatua ina ugonjwa wake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Jina lisipoonekana kabisa, angalia redio, yaani kipande cha mashine kinachopokea na kurusha Wi-Fi. Mashine nyingi za miaka ya 2000 zina redio ya 2.4 GHz tu, ya kiwango cha 802.11b chenye kasi isiyozidi Mbps 11, au 802.11g isiyozidi Mbps 54. Mtandao ukirushwa kwenye 5 GHz peke yake, mashine hizo hazitauona hata ukizizima na kuziwasha siku nzima. Halafu uliza mashine ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani, jambo ambalo kwetu lina uzito kwa sababu vifaa vingi ni vya msaada. Mashine ya soko la Marekani husikiliza chaneli 1 hadi 11, ilhali akses pointi (kifaa kinachorusha Wi-Fi) iliyopangiwa Tanzania au Kenya inaweza kujichagulia 12 au 13. Dalili yake inachanganya: mtandao unaonekana koridoni, ukiingia wodi ya wazazi umetoweka. Zuia akses pointi kujichagulia ovyo. Ziwekee chaneli 1, 6 na 11 peke yake, upana wa MHz 20. Kwa mashine yenye 5 GHz, anza na chaneli 36, 40, 44 au 48, kwani redio za zamani mara nyingi hazisikii 52 hadi 144, ambazo zina masharti ya kukwepa rada. Pia baadhi ya draiva (programu zinazoendesha redio) za zamani haziuoni mtandao unaotangaza 802.11ax, yaani Wi-Fi 6. Zima kiwango hicho kwenye akses pointi moja, kisha ujaribu tena.

Mashine ikiliona jina lakini isijiunge, mzungumzishe mtu wa TEHAMA kuhusu kasi za chini. Wao huzima Mbps 1, 2, 5.5 na 11 ili hewa isijazwe na mazungumzo ya polepole, na wana haki. Lakini 802.11b haina kasi nyingine zaidi ya hizo nne. Kwenye mifumo mingi kasi hupangwa kwa redio nzima, si kwa jina la mtandao, kwa hiyo iwashe 11 tu, na kwenye akses pointi za wodi husika pekee. Isipotosha, ongeza 5.5.

Sababu nyingine ni usalama mpya. WPA3, kiwango kipya cha kulinda Wi-Fi kinachofuata WPA2, inadai ulinzi wa ujumbe wa usimamizi, yaani 802.11w, ambao mashine za zamani hazijawahi kuusikia. Mpangilio wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ulikusudiwa kusaidia, lakini zipo redio zinazokwama zikikuta tangazo lenye vitu zisivyovitambua. 802.11r, inayoharakisha kuhama kutoka akses pointi moja hadi nyingine, huleta shida ileile. Fungua jina la mtandao la peke yake kwa mashine hizi: WPA2 na AES (njia yake ya kusimba data), 802.11w imezimwa, 802.11r imezimwa. Nenosiri liwe refu, herufi na tarakimu tu, maana kibodi za baadhi ya skrini hazina alama nyingine. Mashine inayojua WEP au TKIP pekee, yaani ulinzi wa zamani ulio dhaifu, isifunguliwe mlango huo. Iende kwenye kebo.

Kuthibitishwa kwa cheti cha kidijitali ndiko kunakopoteza muda mwingi, na mara nyingi mkosaji ni betri ndogo ya saa, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Ikifa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. Mashine inakiangalia cheti cha seva, inaona muda wake wa kuanza kutumika haujafika, inakikataa. Haiwezi kurekebisha saa kupitia mtandao kwa sababu haijaingia mtandaoni. Kwa hiyo mashine iliyokuwa nzima ikigoma mara tu baada ya umeme kukatika, soma tarehe kwenye skrini kwanza. Iweke kwa mkono, ujaribu, kisha ubadilishe betri. Nakili mipangilio yote kabla ya kuichomoa, kwani katika baadhi ya mashine mipangilio inaishi kwa betri hiyohiyo. Tarehe ikiwa sahihi, soma kumbukumbu za seva ya RADIUS, ile inayothibitisha vifaa vinavyoingia mtandaoni: huenda imeboreshwa na haikubali tena TLS 1.0, toleo la zamani la kulinda mawasiliano. Usiilegeze seva ya hospitali nzima kwa ajili ya mashine tatu. Zihamishie kwenye lile jina la peke yake.

Anwani inayoanza na 169.254 maana yake DHCP, huduma inayogawa anwani, haikujibu. Kagua VLAN, yaani kipande cha mtandao kilichotengewa mashine hizi. Anwani ikiwa sawa lakini picha za altrasaundi hazifiki, kumbuka kwamba seva nyingi za picha humtambua mtumaji kwa jina lake la DICOM (mfumo wa kutumiana picha za tiba) pamoja na IP, na mtandao mpya umebadilisha IP. Isajili upya. Fayawoli nayo ifungue poti ambayo seva yako inaitumia kweli: DICOM huwa 104 au 11112, HL7, mfumo wa kutumiana taarifa za wagonjwa, mara nyingi 2575. Monita zisipoonekana kwenye kituo cha wauguzi, angalia kama akses pointi inazuia vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe.

VLAN ya mashine hizi ifike kwenye seva zake tu, isifike intaneti. Nyingi zinaendeshwa na Windows XP, iliyoachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, au Windows 7, iliyoachwa tarehe 14 Januari 2020. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, iliziathiri hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma Uingereza, hadi miadi ya wagonjwa ikafutwa. Wala usipakie sasisho lolote bila idhini ya mtengenezaji.

Yote yakishindikana na mashine ina tundu la kebo, tumia daraja dogo la Wi-Fi: lenyewe linajiunga na mtandao mpya, mashine inachomekwa kwake kwa waya. Adapta ya umeme ya daraja hilo isiwe ya dukani tu. Karibu na mgonjwa lazima ikidhi IEC 60601-1, kiwango cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, na fundi vifaa tiba apime umeme unaovuja kwenye mfumo mzima, daraja likiwa limeunganishwa, kabla mashine haijarudi wodini.