Amri Kwanza, Kazi Baadaye: Kwa Mnaoanza Ofisi za Wafilisi

Wadogo zangu mnaoingia ofisi za wafilisi hapa Marekani, wale wanaokusanya mali ya aliyefilisika na kuwagawia wadai wake, nawapenda, lakini mtanitoa mvi. Juzi kijana mmoja kaniletea ombi la malipo la wakili wetu lina mstari huu: "Utafiti, simu, barua, kikao: saa 7.5." Nikamuuliza, simu kwa nani? Kikao cha nini? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Naandika basi, ili kesho asiwepo wa kusema hakuambiwa.

1. Pesa hizo si za bosi wako. Ni za wadai. Sisi tunahesabiwa gharama za usimamizi wa kesi, tunalipwa mbele ya karibu wadai wote wasio na dhamana, yaani wasioshika rehani, na ndiyo maana kila dola yetu inakaguliwa: na jaji, na yule msimamizi wa Wizara ya Sheria, na mdai yeyote mwenye hasira na muda wa kusoma. Wenye hasira huwa wanao muda.

2. Kamisheni ya mfilisi wa Sura ya 7, ile sura ya sheria ya ufilisi ya kuuza mali na kugawa pesa, iko kifungu cha 326: asilimia 25 ya dola 5,000 za kwanza, 10 mpaka ifike 50,000, 5 mpaka milioni moja, na 3 kwa kinachozidi hapo. Ngazi hizo mnazijua kwa kichwa, mashallah. Mnachosahau ni kwamba hesabu inafanywa juu ya pesa zilizogawiwa, na anachopewa mdaiwa mwenyewe hakihesabiwi. Nyumba imeuzwa 100,000, mdaiwa kachukua 20,000 zake za msamaha (fungu ambalo sheria inamwachia), basi piga hesabu juu ya 80,000: kikomo ni 7,250. Ukiandika 8,250 umemwongezea bosi dola elfu moja za watu, na atakayeulizwa mahakamani ni yeye, si wewe. Halafu atarudi ofisini.

Kesi zisizo na mali, ambazo ndizo nyingi, mfilisi alikuwa akipata dola 60 kwa kesi tangu 1994. Sitini! Sheria ya 2020 iliruhusu nyongeza ya hadi 60 nyingine. Kwa hiyo ukimwona bosi amenuna siku ya vikao vya wadai, mwache.

3. Mtaalamu haanzi kazi kabla ya amri. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Wakili, mhasibu, dalali, mthamini, yeyote anayetaka kulipwa kutoka mali tunayosimamia, lazima jaji aidhinishe ajira yake chini ya kifungu cha 327. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Tukapata kesi ya kampuni ndogo ya malori, vitabu vyake vimejaa kwenye maboksi ya ndizi, risiti za dizeli zimelowa zikagandana. Mfilisi akamchagua mhasibu, mzee mmoja mtaratibu aliyetufanyia kazi miaka mingi. Nikaandaa ombi. Mzee akasaini kiapo chake, mfilisi akasaini ombi, nami nikaamini nimeliwasilisha. Sikuliwasilisha.

Mzee akaanza kazi. Alizibandua risiti moja moja, akaandaa marejesho ya kodi ya miaka ambayo kampuni iliiruka, na katikati ya makaratasi hayo akaona malipo makubwa kwa shemeji wa mwenye kampuni, yaliyofanyika miezi michache kabla ya kesi kufunguliwa. Mfilisi akayadai, yakarudi. Yaani karibu kila senti waliyopata wadai ilitokana na jicho la mzee yule. Ikafika zamu ya ombi lake la malipo. Fomu inataka namba ya amri iliyomwajiri. Nikaitafuta kwenye orodha ya nyaraka za kesi. Nikashuka nayo mpaka chini, nikapanda nayo mpaka juu. Hakuna. Nikafungua folda ya kompyuta, ombi limelala humo, saini zote mbili zipo. Kiyoyozi kinavuma, mimi natiririka jasho.

Zamani ungeomba amri ya kurudi nyuma, ile wanayoiita kwa Kilatini nunc pro tunc, na majaji wengine walikuwa wakiitoa. Februari 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Jimbo Kuu Katoliki la San Juan, Puerto Rico, ikasema amri ya namna hiyo haiwezi kulifanya liwepo jambo ambalo halikutokea. Kesi ile haikuhusu wahasibu hata kidogo, lakini majaji wa ufilisi waliisoma, na baadhi yao wakafunga mlango. Wetu alikuwa mmoja wao. Aliidhinisha ajira kuanzia siku ombi lilipowasilishwa, yaani baada ya kazi yote kwisha.

Mfilisi alitaka kumpigia mzee simu. Nikakataa, nikapiga mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mamlaka ya kodi imeyakubali yale marejesho. Nikamwambia imeyakubali. Akasema, "Vizuri." Hakuchukua tena kesi yetu yoyote.

Siku hizi simtumii mtaalamu hata boksi moja kabla sijaiona amri kwenye orodha kwa macho yangu. Mkinicheka, chekeni.

4. Saa huandikwa kwa vipande vya dakika sita, kazi moja mstari mmoja, siku ileile. Ukisubiri Ijumaa unatunga hadithi.

5. Kiapo cha uhusiano, Kanuni ya 2014. (Hiyo 2014 ni namba, si mwaka, kuna aliyeniuliza.) Mtaalamu anataja kila uhusiano wake na mdaiwa, wadai na mawakili wao, hata ule anaouona mdogo. John Gellene, wakili mkubwa wa New York, aliiwakilisha kampuni ya mitambo ya Bucyrus-Erie ya Wisconsin kwenye Sura ya 11, ile ya kampuni kupanga upya madeni yake, akanyamaza kwamba ofisi yake ilikuwa ikimhudumia pia mmoja wa wadai wenye dhamana. Mwaka 1998 alihukumiwa miezi 15 jela, na ofisi yake ikarudisha zaidi ya dola milioni 1.8. Kwa hiyo wakili akikwambia "hilo halina maana, liache", liandike kwanza.

6. Wakili wa mdaiwa kwenye Sura ya 7 hatumlipi sisi, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Lamie, 2004, labda mfilisi awe amemwajiri kwa idhini ya mahakama. Akikupigia simu kudai, mwambie hivyo kwa adabu. Na saa za kutetea ombi la malipo lililopingwa hazilipwi pia. Mawakili wa ASARCO, kampuni ya shaba, walifika Mahakama ya Juu wakidai dola milioni 5 za namna hiyo, wakakosa, 2015. Ndiyo sababu ile "utafiti, simu, barua" inaniuma: ikipingwa, tunaitetea bure.

7. Hundi za mgao wa mwisho ambazo hazijabadilishwa kuwa pesa ndani ya siku 90 zinazuiwa, pesa zinapelekwa mahakamani. Mgao chini ya dola 5 nao kwa kawaida hautumwi kwa mdai, unakwenda hukohuko. Msiutie kwenye kamisheni mara mbili. Ndiyo, kuna aliyefanya hivyo, na anajijua, na Jumatatu ananiletea chai.