Maswali Yenu kwa Dokta: Mafua ya 1918, nani alifunga mlango na nani aliuacha wazi

Mwezi huu maswali ya homa ya mafua ya mwaka 1918 yamekuja mengi mno, nimechagua manne, mengine yanafanana kwahiyo ukiona jina lako halipo usinune, jibu lako limo humuhumu.

SWALI: Shikamoo dokta. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inasema eti mwaka 1918 kuna kisiwa kilifunga bandari na hakuna hata mtu mmoja aliyekufa kwa mafua, halafu kisiwa jirani robo ya watu wakafa. Ni kweli au ni zile stori za kutunga? (Zuhura, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Safari hii grupu lenu limesema kweli, wamezidisha kidogo tu. Hiyo ni Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki huko mbali kabisa. Enzi hizo vilikuwa vimegawanywa, upande wa mashariki wako Wamarekani na jeshi lao la majini, makao yao Pago Pago, upande wa magharibi alikuwepo Mjerumani mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914 New Zealand wakaja wakauchukua, makao yao Apia. Watu ni walewale, lugha moja, wanaoana, wanazikana, kutoka Apia mpaka Pago Pago ni kama kilomita 100 na ushee.

Sasa tarehe 30 Oktoba 1918 meli inaitwa Talune ikang'oa nanga Auckland, New Zealand. Mjini Auckland mafua yameshapamba moto lakini karatasi za meli zinasema haina ugonjwa. Ikapita Fiji, kule wakaiweka karantini. Tarehe 7 Novemba ikaingia Apia. Ofisa wa afya wa bandari akapanda melini kukagua kama kawaida, nahodha hakumwambia kwamba Fiji walimzuia, na wagonjwa wamo mlemle ndani, meli ikapewa ruhusa watu wakashuka na mizigo yao wakaenda zao vijijini. Hapo ndo palipoharibika kila kitu, yaani ukaguzi wa muda mfupi tu.

Ndani ya wiki chache wakafa watu kama 8,500 kati ya kama 38,000. Siyo robo kamili kama klipu inavosema, ni kama asilimia 22, lakini hebu fikiria mtaa wenu, kila watu watano mmoja hayupo. Nyumba nzima ilikuwa inalala kwa siku moja, baba mama watoto wote chini, hakuna wa kuteka maji wala wa kuinjika chungu, kwahiyo wengine nadhani hata mafua yenyewe hayakuwamaliza, walimalizwa na kiu na njaa. Maiti zikazikwa kwenye makaburi ya pamoja maana wachimbaji nao wanaumwa.

Pago Pago sasa. Gavana wao John Poyer hakuwa daktari, ni ofisa wa majeshi ya majini tu, lakini alipata habari za mafua kwa redio akaamua hakuna kushuka mtu hovyo, meli ikija abiria wanakaa karantini kwanza. Na mimi kinachonikosha zaidi siyo amri yake, amri kila gavana anaweza kutoa. Kinachonikosha ni kwamba wenyeji wenyewe waliikubali kazi wakaweka doria ufukweni na mitumbwi, ukija kutoka ule upande mwingine unarudishwa, uwe shemeji uwe binamu, rudi ulikotoka. Hata boti ya barua kutoka Apia iliwekewa karantini. Matokeo yake hakufa mtu kwa yale mafua, sifuri, na ulinzi wakauendeleza mpaka 1920.

Sasa sikia hii. Poyer akatoa taarifa kwamba yuko tayari kusaidia jirani zake. Mtawala wa Apia, Kanali Robert Logan, hakuujibu ule msaada, na kwa sababu ameudhika boti yake ya barua kuzuiwa akakata na mawasiliano ya redio na Pago Pago. Watu wanakufa we umenuna kwa ajili ya boti! Jamani kuna hasira zingine ni ghali. 1919 ikaundwa tume ikachunguza na uzembe wote ukawekwa wazi, na Juni 2002 Helen Clark, waziri mkuu wa New Zealand, alikwenda Apia mwenyewe kuomba radhi, kwa hilo na kwa mambo mengine ya utawala wao.

SWALI: Dokta mambo vipi. Mi naona siku zote madaktari wanajua cha kufanya ila wanasiasa ndo wanawafunga mdomo. Au nakosea? (Baraka, Arusha)

JIBU: Poa kaka Baraka. Mimi ni daktari ningependa sana uwe sahihi ila haiko hivo. Mji wa Philadelphia kule Marekani, mkuu wa afya alikuwa daktari kabisa, Wilmer Krusen, daktari wa magonjwa ya wanawake. Septemba 1918 mabaharia wa kambi ya pale wanaugua mafua kwa mamia, na mji umepanga gwaride kubwa tarehe 28 Septemba la kuhamasisha watu wanunue bondi za vita, yaani waikopeshe serikali hela za vita. Madaktari wenzake wakamwomba aahirishe. Mmoja, Howard Anders, alijaribu kuwaonya watu kupitia magazeti, magazeti yakagoma kuchapisha. Krusen akaruhusu gwaride, wakajaa watu kama 200,000 barabarani wamebanana bega kwa bega, zikapita siku kama tatu hospitali zote vitanda vimejaa, na katika wiki kama sita wakafa zaidi ya 12,000. Kwahiyo aliyewafunga mdomo madaktari pale ni daktari, akishirikiana na wahariri wa magazeti (aibu yetu sote wawili, mi naandika gazetini pia).

Mji mwingine, St. Louis, mkuu wa afya Max Starkloff alisoma habari za miji mingine akajiandaa, tarehe 7 Oktoba wagonjwa bado wachache akafunga shule, makanisa, sinema, mikusanyiko. Wafanyabiashara walimlalamikia vibaya mno lakini meya akasimama naye. Vifo vyao kwa idadi ya watu vilikuwa kama nusu ya Philadelphia. Novemba akalegeza masharti, mafua yakarudi, akafunga tena, basi fikiria kelele za mara ya pili!

SWALI: Shikamoo. Bibi anasema alisikia kwa wazee wake kwamba wazungu walikuwa wanajitibu yale mafua kwa aspirini tu. Aspirini inatibu mafua? (Neema, Iringa)

JIBU: Marahaba Neema, msalimie bibi, hajakosea sana. Aspirini haitibu mafua, inashusha homa na maumivu, basi. Shida ya 1918 ni dozi. Leo hii mtu mzima tunamwambia kwa siku usipite gramu 4, wao vitabu vya wakati ule vilishauri kuanzia gramu 8 mpaka 31 kwa siku moja! Dozi kama hizo zinaweza kujaza maji kwenye mapafu, na mwaka 2009 daktari mmoja Mmarekani, Karen Starko, aliandika kwamba baadhi ya vifo vya Oktoba 1918 huenda vilisababishwa na dawa na siyo ugonjwa. Siyo wote wanaokubaliana naye lakini hoja yake ina uzito. Na wewe mwenye watoto, mtoto mwenye mafua usimpe aspirini mpaka daktari aseme, hiyo ni ya leo siyo ya 1918.

Ila msiwacheke wale madaktari. Walikuwa wanapigana na adui wasiyemjua, wengi waliamini ni bakteria ambaye Mjerumani Richard Pfeiffer alimtangaza mwaka 1892, wakatengeneza mpaka chanjo za huyo bakteria, watu wakachomwa, na siyo yeye. Kirusi cha mafua ya binadamu kilikuja kupatikana 1933 huko London, watafiti walichukua majimaji ya koo la mgonjwa wakamtilia puani mnyama anaitwa fereti, jamii ya kicheche, naye akaanza kupiga chafya. Antibayotiki nazo hazikuwepo, na wengi walikufa kwa nimonia ya bakteria iliyokuja juu ya mafua. Kwahiyo tiba halisi ilikuwa muuguzi, mtu wa kukunywesha maji, kukulisha uji, kukugeuza na kufungua madirisha. Karibu na Boston waliwatoa wagonjwa nje kabisa wakawalaza kwenye mahema, jua na hewa, na walioandika habari za pale walisema walipona vizuri kuliko wa ndani.

SWALI: Hodi dokta. Mbona kila siku ni Marekani na huko visiwani, kwetu haikufika? (Mwinyi, Mombasa)

JIBU: Karibu Mwinyi, na ilifika ikaanzia hapohapo kwenu. Iliingia kwa bandari ya Mombasa Septemba 1918 halafu ikapanda treni kama abiria wengine kuelekea bara. Watafiti waliochambua kumbukumbu za pwani wanakadiria Kenya nzima ilipoteza watu kama 150,000 mpaka katikati ya 1919. Ilikuta watu wameshachoka, vita vimechukua wanaume kuwa wapagazi, chakula kidogo, madaktari wa kuhesabu. Upande wa Tanganyika, Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, askari wake na wapagazi wakapelekwa kambini Tabora kusubiri kurudishwa makwao, mafua yakawakuta humo na wengi hawakutoka, wamemaliza vita vya miaka minne wazima wakafia kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Pale karantini ya kina Poyer ingefanyika vipi, watu wenyewe wamefungiwa pamoja?

Mwinyi, swali lako la pili la mafua ya mwaka 1957 nimelihifadhi, lina habari ndefu ya mayai na majogoo, nitalijibu toleo lijalo.