Plastiki ya gari inanata

SWALI: Jambo Mzee. Shemeji ameniachia gari la michezo, Porsche Boxster ya mwaka 2000. Plastiki ya milango inanata kama embe bivu na kuacha weusi vidoleni. Nipake rangi juu tu? — Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Boxster Himbi! Mdogo wangu, na haya mawe ya lava unapita wapi na gari lenye tumbo chini hivyo? Haya, tuje kwa plastiki.

Usipake juu. Kinachonata si plastiki yenyewe, ni utando laini uliopakwa kiwandani. Joto na unyevu wa miaka vimeuvunja. Ukipaka juu yake, yote yatabambuka. Fungua vipande, weka skrubu kwenye kopo, kisha sugua utando kwa alkoli kali na kitambaa. Ni kazi ya subira: mlango mmoja ulinimaliza mchana mzima. Tina, ile ya kuzimulia rangi, hapana! Niliwahi kuitumia, kifuniko kikalainika kama bugali. Swichi zenye alama ziguse polepole, alama nazo hutoka.

Halafu msasa wa maji namba 400, kisha 600, sabuni, kausha. Prayima ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, usiiruke. Bila hiyo rangi inatoka kwa kucha. Nyeusi isiyong'aa, mipako 3 myembamba, dakika 15 kati ya mmoja na mwingine.

Vumbi letu ndilo adui. Mimi humwaga maji sakafuni kwanza, navaa barakoa, nafungua dirisha la upande usio na barabara. Vipande visirudi garini kabla ya siku 2, hata shemeji akipiga simu.