Mpangaji wangu mzungu anatetemeka kwa baridi ya Tabora, nimfanyeje?

SWALI: Habari za hapo gazetini. Mimi ni mama mtu mzima, nakaa Cheyo hapa Tabora mjini, nina vyumba viwili vya uani napangisha, na mpangaji niliyenaye sasa ni mzungu wa Ufini, kijana tu wa miaka thelathini na kitu, kaja kwa mambo ya asali, anazunguka na wafuga nyuki huko porini. Alifika mwezi wa kumi mwaka jana na nyie mnajua Tabora mwezi wa kumi inavyokuwa, bati linalia mchana kama linataka kung'oka, akawa analala barazani na feni juu. Akasema kwao mwezi wa kwanza inafika nyuzi 25 chini ya sifuri kwahiyo koti lake zito halina kazi huku, akampa mlinzi wetu, tena kwa kulazimisha.

Sasa huu mwezi wa saba mambo yamegeuka. Nikiamka saa kumi na moja alfajiri namkuta jikoni kwangu kakaa kwenye kigoda karibu na moto, kajifunga shuka la kimasai juu ya sweta, soksi mbili mbili ndani ya kandambili, mzula hadi kwenye nyusi, na mlinzi anapita pale getini na lile koti, wanaangaliana tu. Majirani wananicheka, mzungu gani anasikia baridi Tabora, wengine wanasema kuna mtu kamchezea. Juzi akaniomba jiko la mkaa alale nalo chumbani na mimi kwa huruma nikampa, moshi ulikuwa umeshaisha yamebaki makaa mekundu mazuri kabisa, asubuhi kaamka kichwa kinamgonga, anataka kutapika, anayumba. Nikajua ni malaria, nikataka nimpe dawa zilizobaki kabatini tangu mwaka jana. Naomba kuuliza, huyu mtoto anaumwa, anadeka, au mwaka huu baridi imezidi? – Mama mpangishaji, Cheyo

(Chini ya barua mpangaji mwenyewe kaongeza kwa mwandiko wake: "Mama ananicheka na mimi mwenyewe naona aibu. Nimekua kwenye theluji. Simu inaniambia ni nyuzi 15, kwetu nyuzi 15 watu wanavaa kaptula. Kwanini hapa naumia?")

JIBU: Shikamoo mama. Baridi tutaifikia, ila kwanza hilo jiko litoke chumbani leo, kabla hujamaliza kusoma. Kilichomfanya ayumbe asubuhi ile kwa maelezo yako mimi naona ni mkaa. Watu wengi wanaamini moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu basi sumu imeisha, kumbe pale ndo penyewe, makaa yanayowaka taratibu ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, huwezi kuiona wala kuinusa, inaingia kwenye damu na kukaa pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Mtu anaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na huo usingizi wengine hawaamki. Kila kipupwe tunasikia habari za familia imekutwa imelala moja kwa moja na jiko katikati ya chumba. Huyo wako kapona kwa sababu madirisha yako, nakisia tu lakini nyumba za uani nazijua, ni ya nondo na wavu wa mbu bila kioo, upepo umemsaidia. Na ikitokea tena mtu kaamka hivyo, mtoe nje kwenye hewa upesi na muende hospitali, msikae kumpa maziwa.

La pili, malaria. Usimpe hizo dawa za kabatini mama yangu. Mpeleke zahanati apime, ni tone moja la damu kidoleni na kusubiri robo saa au dakika ishirini, mnajua moja. Nasema apime hata kama mimi naamini ni mkaa, maana Tabora na Kigoma ni mikoa ya malaria nyingi hapa nchini, na mtu aliyekulia Ufini mwili wake haujawahi kukutana na kitu hicho, ikimpata inampeleka vibaya upesi kuliko mimi na wewe. Na kwa siku za mbele, baridi ya hewa ukiota jua saa nne inakwisha unavua sweta, ila mtu akitetemeka saa saba mchana juani na mwili unachemka, hapo msianze kubishana, nendeni mkapime.

Haya, sasa tuje kwenye kicheko cha majirani. Mpangaji wako hadeki. Kijana, jiulize hivi, kwenu nje kukiwa na hizo nyuzi 25 chini ya sifuri, wewe ulikuwa unalala nyuzi ngapi? Chumbani kwako ilikuwa 20 au 21, kuta zimejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke, dirisha lina vioo vitatu, bomba la maji moto linapita ukutani, unalala na fulana. Baridi ya kwenu ulikuwa unaipita tu, kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, na koti juu. Hii ya Cheyo unakaa nayo, unalala nayo na unaoga nayo. Nje 15, ndani labda 17, sakafu ya saruji inanyonya miguu, bati juu halina silingi bodi na upepo unapita kwenye wavu usiku kucha. Nyumba zetu zimejengwa kwa ajili ya Oktoba! Fundi anajenga akifikiria joto, na ni sawa kabisa kwa miezi tisa, ila hii mitatu iliyobaki tunalipa deni. Mimi nimelala Njombe ambako ndo baridi ya kweli ya nchi hii na nakwambia nilipata usingizi kuliko Tabora, kwa sababu kule watu wamejiandaa, blanketi ni mbili na hakuna anayekucheka.

Halafu mwili nao unazoea. Ulifika Oktoba, ukatoka jasho wee mpaka mwili ukajifunza joto, sasa inashuka usiku unaona kama umetupwa kwenye friji. Mtu wa Tabora aliyezaliwa hapa naye anatetemeka, ila yeye ana shati la mikono mirefu na hasemi.

Kwanini Tabora ipo karibu na ikweta, kama nyuzi 5 tu kusini, na bado ina baridi? Kwanza mji uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu. Pili kiangazi mawingu hakuna. Usiku wa masika wingu linafunika kama blanketi, joto la ardhi halitoki, lakini Julai mbingu iko wazi nyota zote zinaonekana na hewa ni kavu, joto la mchana lote linapaa kwenda zake, ndo maana alfajiri inakuwa 15, siku nyingine chini kidogo ya hapo, na saa nane mchana hiyohiyo unakuta 28. Tatu jua lenyewe limehamia kaskazini, tarehe 21 Juni hivi linakuwa limefika mwisho wake wa huko, na upepo wa kusini mashariki unatuletea hewa ya upande wa kusini ambako ndo majira ya baridi yao. Ukitaka kuliona kwa macho simama uani saa sita na nusu mchana, kivuli chako kimeegemea kusini. Desemba ukisimama palepale kinaegemea kaskazini.

Kuhusu mwaka huu kuzidi, mama, kila Julai tunasema hivyo hivyo. Upo mwaka ambao upepo unapuliza zaidi au mbingu inakuwa wazi siku nyingi mfululizo basi unauma kweli, lakini ngozi yetu si kipimo, tulishasahau ya mwaka jana. Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa wanatoa mwelekeo wa kipupwe cha Juni hadi Agosti, kanda kwa kanda, huo ndo wa kusikiliza.

Cha kufanya sasa. Pale dirishani weka pazia zito la kitenge mara mbili au hata blanketi kuukuu, ila acha nafasi juu hewa ipite. Chini tandika mkeka, na zulia juu ya mkeka ukipata. Kuoga, aache hii habari ya kuoga saa kumi na mbili asubuhi kama yuko jeshini, ajaze ndoo iwekwe juani tangu saa nne, saa tisa alasiri maji yana uvuguvugu mzuri aoge hapo. Usiku ajaze maji ya moto kwenye chupa ngumu, azungushie kitambaa, aweke miguuni, bibi zetu walikuwa wanafanya na jiwe. Asubuhi uji wa ulezi wenye asali, na hapo mtu wa asali akikosa asali sijui nimwambie nini, halafu michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga maana huu ndo msimu wake. Ngozi kupauka na midomo kupasuka ni ukavu wa hewa, apake mafuta usiku siyo asubuhi tu.

Koti kijana usilidai. Ulilitoa kwa kulazimisha na yule mzee anakaa nje mpaka kunakucha. Nenda mitumba, makoti ya kwenu yamejaa huko, labda utakutana na la shemeji yako.

SWALI: Mimi ni mvuvi Kibirizi, Kigoma. Nikienda Tabora mwezi wa saba nakoma kwa baridi lakini nyumbani Kigoma nalala na shuka moja. Ila ziwani usiku naganda kuliko hata Tabora. Inakuwaje?

JIBU: Kaka, sababu ni hilo ziwa lako. Kwanza mpo chini, uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari, mita mia nne na zaidi chini ya Tabora, hapo tu umeshapata nyuzi mbili tatu za bure. Pili lile ni dubwana la maji, kina chake mahali kirefu zaidi ni kama mita 1,470, duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake, na maji hayapoi upesi kama udongo. Juu huwa yanabaki nyuzi 24 na kuendelea hata kiangazi, kwahiyo mji umelala pembeni ya sufuria la uvuguvugu.

Kuganda kwako ziwani hakutokani na maji, kunatokana na upepo na nguo mbichi. Miezi hii kusi linavuma, mawimbi yanakurushia maji, nguo inalowa, na upepo ukipita kwenye nguo iliyolowa unakausha kwa joto la mwili wako. Ndo maana unaona mkono ukiutia majini unapata nafuu! Beba shati kavu kwenye mfuko wa nailoni ufungwe vizuri, mkimaliza kuvuta nyavu vua lililolowa palepale, usisubiri mpaka Kibirizi. Na koti la mvua la plastiki juu ya sweta linasaidia kuliko sweta mbili.

SWALI: Baridi inaleta mafua? Mke wangu kanikataza kutoka bila kofia. – Msomaji, Isevya

JIBU: Mafua yanaletwa na virusi, unayachukua kwa mtu mwenye nayo, mara nyingi ni kwa sababu kipupwe mnafunga milango na kupumuliana. Ila kofia vaa, sitaki kugombanishwa na shemeji.